Mwanamke na Kalamu Yake: Juu ya Kazi ya Kuandika Hadithi za Picha

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yamechapwa kwa ajili ya familia zilizokimbia makwao na wakubwa wa mitaa, Beni na Butembo

   

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo labda hujaifikiri kamwe kuwa ni kazi ya amani. Ni kazi ya mwanamke anayeandika hadithi za picha. Nasema vile vitabu ambavyo kila ukurasa umegawanywa katika visanduku, ndani ya kila kisanduku watu wamechorwa, na maneno yao yameandikwa ndani ya kiputo juu ya vichwa vyao. Vijana wa masomo wanaviita bede, kufuatana na Kifaransa.

Utaniuliza: «Mwalimu, sisi tumeacha mashamba ya kakao, tumeacha makaburi ya watu wetu, tunalala watu kumi katika chumba kimoja. Vitabu vya picha vinatuhusu nini?» Swali lako ni la haki, na nitalijibu. Lakini nakuomba kwanza unifuate katika safari ndefu kidogo, kisha tutarudi pamoja Beni na Butembo.

1. Nani anatuchora?

Nchi yetu ni mojawapo ya nchi za Afrika zilizo na desturi kubwa ya hadithi za picha. Mwaka 1968 gazeti «Jeunes pour Jeunes» lilianza Kinshasa, na vijana wa wakati ule walilisoma sana. Mongo Sisé aliwachora Mata Mata na Pili Pili. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, amejulikana mpaka Ulaya kwa kazi ya mikono yake. Lakini angalia majina hayo: yote ni ya wanaume. Kwa muda mrefu kazi hii imekuwa ya wanaume, na wanawake walioingia ndani yake ni wachache.

Tena, kabla ya hao wote, Kongo ilikuwa imekwisha kuchorwa na mtu mwingine. Mwaka 1930 Mbelgiji aliyejiita Hergé alianza kutoa katika gazeti la watoto hadithi ya kijana Tintin anayetembea Kongo. Mwaka uliofuata ikawa kitabu. Hergé hakuwahi kukanyaga ardhi ya Kongo. Watu wetu aliwachora wote kwa sura moja, wanasema lugha iliyovunjika, wanamshangaa mzungu kama watoto wadogo. Kwa miaka mingi mtoto wa Ulaya alitujua kwa kitabu hicho. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja anayeishi Ubelgiji alikipeleka kitabu mahakamani, akisema kinadharau watu weusi. Mwaka 2012 mahakama ya Bruxelles ilikataa ombi lake.

Mimi nimesoma sheria, nayaheshimu mashtaka. Lakini hapa kuna jibu jingine lisilomngojea hakimu: kuandika kitabu chako mwenyewe. Ndilo jibu alilolitoa mwanamke ninayetaka kukuonyesha leo. Jina lake ni Marguerite Abouet. Hakutoka Kongo, alitoka Côte d'Ivoire, upande wa magharibi wa Afrika. Nimemchagua kwa sababu kazi yake inajulikana vizuri, na kwa sababu kartie aliyoiandika ilikuja kuingia vitani, kama zako.

2. Mtoto wa Yopougon

Marguerite Abouet alizaliwa Abidjan mwaka 1971, akakulia Yopougon, mtaa mkubwa wa watu wa kawaida: wafanyakazi wa viwanda, wauzaji wa soko, washonaji, na vijana wenye kutafuta muziki jioni. Alipokuwa na miaka 12, wazazi wake walimpeleka Paris pamoja na kaka yake, wakae kwa mjomba mkubwa wa familia na kuendelea na masomo.

Fikiri kidogo. Mtoto wa miaka 12 anatolewa katika kiwanja chenye watu wengi, kelele nyingi na majirani wanaomjua kwa jina, anawekwa katika jiji la baridi ambamo jirani hafungui mlango. Haikuwa kukimbia kama kwako. Hakuna risasi iliyomfukuza. Lakini kile alichokipata unakijua: kuamka asubuhi ukisikia sauti za nyumbani kichwani, halafu kufumbua macho na kukuta ukuta wa watu wengine.

Hakuanza kama mwandishi mkubwa. Katika ujana wake alilea watoto wa watu, alihudumia wazee, aliandika maandishi ya ofisi kwenye mashine. Baadaye akawa msaidizi katika ofisi ya mawakili. Mchana alishughulika na mafaili ya kesi. Jioni aliandika hadithi zake, na kwa muda mrefu hakuwaonyesha watu. Hebu shika jambo hili, wewe binti unayeandika ndani ya kaye yako usiku kwa mwanga wa taa ndogo. Yeye aliandika miaka mingi kabla ya kupata mtu wa kuchapa.

Mwezi wa Novemba 2005 kitabu chake cha kwanza kilitoka Paris kwa wachapishaji Gallimard. Kiliitwa «Aya de Yopougon». Yeye ndiye aliyeandika, na mchoraji alikuwa Mfaransa Clément Oubrerie. Mwaka 2006, katika sikukuu kubwa ya hadithi za picha inayofanyika kila mwaka katika mji wa Angoulême, Ufaransa, kitabu hicho kilipata tuzo ya kitabu cha kwanza. Kuanzia 2005 mpaka 2010 vilitoka vitabu sita vya Aya, vikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 2013 hadithi hiyo ikawa filamu ya michoro, na Abouet na Oubrerie waliiongoza pamoja. Kuna vitabu vingine pia: Akissi, juu ya msichana mdogo mtundu wa Abidjan, alivyoviandika na mchoraji Mathieu Sapin kuanzia 2010, na tangu 2017 habari za kamishna wa polisi Kouamé, alizozifanya na mchoraji Donatien Mary. Mwaka 2015 ukaja mchezo wa televisheni «C'est la vie», juu ya kituo cha afya katika kartie ya kubuniwa huko Dakar, ambamo alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Na mwaka 2022, baada ya kunyamaza miaka 12, Aya alirudi na kitabu cha saba.

Vilevile alianzisha shirika la kufungua maktaba za watoto katika mitaa ya Afrika, kwa sababu aliona jambo la aibu: vitabu juu ya watoto wa Yopougon vinasomwa Paris, lakini mtoto wa Yopougon mwenyewe hana franga za kununua kimoja.

3. Ndani ya kitabu kuna nini?

Sasa ndiyo sehemu ninayopenda uisikilize sana. Hadithi ya Aya inaanza mwaka 1978. Aya ni msichana wa miaka 19. Anataka kuwa daktari. Baba yake anafanya kazi katika kiwanda cha bia, naye anaona heri binti aolewe na mtoto wa tajiri. Rafiki zake wawili, Adjoua na Bintou, wanapenda zaidi kucheza dansi kuliko kusoma. Mmoja anapata mimba, na familia mbili zinaingia katika mgogoro wa kujua baba wa mtoto ni nani. Wazazi wanapiga kelele, majirani wanachungulia, wanaume wanadanganya, wanawake wanavumbua. Ni hayo tu.

Hakuna vita ndani yake. Hakuna njaa. Hakuna mzungu anayekuja kuokoa watu. Kuna mama anayepika, baba anayerudi amechoka, kijana anayejipaka mafuta nywele ili apendeze. Mwisho wa kitabu cha kwanza mwandishi ameweka kurasa za kukufundisha kufunga kitenge, kutengeneza kinywaji cha tangawizi na kupika mchuzi wa karanga.

Abouet ameeleza mara nyingi sababu yake. Katika Ulaya, kila habari ya Afrika ilikuwa vita, njaa na ugonjwa. Yeye hakukataa kwamba mambo hayo yapo. Alikataa yawe ndiyo yote. Alitaka kuonyesha kwamba kule nako watu wanapenda, wanachekana, wanasoma, wanagombana juu ya mambo madogo, kama watu wote wa dunia.

Tena aliandika kwa maneno ya mtaani. Watu wake wanasema Kifaransa cha Abidjan, chenye utani na maneno ya nyumbani, na hawachekwi kwa lugha yao kama walivyochekwa Wakongomani wa Tintin. Wao wenyewe ndio wanaochekesha.

4. Kitabu na vita

Angalia sasa miaka. Kitabu hiki kisicho na vita kilitoka 2005. Lakini Côte d'Ivoire yenyewe ilikuwa vitani. Tangu tarehe 19 Septemba 2002 waasi walikuwa wameshika kaskazini, na nchi ilikuwa imekatika vipande viwili. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, wanasiasa walikuwa wameleta neno moja, «ivoirité», ni kusema nani ni mwana halisi wa nchi na nani si mwana halisi. Neno lilianza kwenye mikutano, likaingia kwenye vitambulisho, mwisho likaingia kwenye barabara zenye vizuizi, ambako askari walimpima mtu kwa jina lake.

Sasa rudia majina yaliyo ndani ya kitabu: Aya, Adjoua, Bintou, Mamadou, Moussa, Hervé. Mtu wa Côte d'Ivoire akiyasikia anajua mara moja: huyu ni wa kusini, huyu ni wa kaskazini, huyu ni Mkristo, huyu ni Mwislamu. Katika Yopougon ya kitabu wanaishi kiwanja kwa kiwanja, wanakula pamoja, wanaibiana wachumba. Mwandishi hatoi hotuba juu ya umoja hata mara moja. Anawaweka tu pamoja, kwa sababu ndivyo walivyokuwa.

Je, kitabu kilizuia vita? Hapana. Sitakudanganya. Baada ya uchaguzi wa mwisho wa 2010 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika machafuko, na Yopougon ilikuwa mtaa wa mwisho wa Abidjan kuachwa na mapigano, mwanzoni mwa Mei 2011. Majirani waliuana katika avenyi zile zile za Aya.

Basi kitabu kilifaa nini? Nitakuambia ninavyoona. Vita vinaiba mara mbili. Mara ya kwanza vinachukua watu, nyumba na mavuno. Mara ya pili vinachukua kumbukumbu ya jinsi tulivyokuwa tukiishi. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mauaji anafikiri kwamba watu hawa na watu wale wamechukiana tangu mwanzo wa dunia. Akikutana na kitabu kinachomwonyesha bibi yake na bibi wa adui yake wakichota maji pamoja, wakisengenya pamoja, anajua kwamba aliyemfundisha chuki amemdanganya.

5. Nguvu hiyo hiyo inaweza kuua

Lakini usifikiri kwamba kila picha ni njema. Hapa jirani yetu, Rwanda, gazeti la «Kangura» lilianza 1990. Lilikuwa na maandishi ya chuki, na lilikuwa na michoro pia. Mtu asiyejua kusoma aliitazama picha, akacheka, akaelewa nani wa kudharauliwa. Redio RTLM ikaja 1993 ikaongeza sauti juu ya picha. Yaliyofuata mwaka 1994 unayajua. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu mwenye gazeti lile na wakubwa wawili wa redio. Mwaka 2007 majaji wa rufaa walifuta baadhi ya mashtaka na kupunguza adhabu, lakini mwenye gazeti alibaki na miaka 35 ya kifungo.  Kazi ya maneno na picha ilikuwa sehemu ya hukumu ile ya 2003.

Hata kwetu sheria ipo. Amri ya tarehe 7 Juni 1966 inamwadhibu mtu anayeonyesha chuki ya rangi, ya kabila au ya jimbo kwa maneno, kwa ishara, kwa maandishi au kwa picha. Ni sheria ya zamani, wengi hawaijui, lakini inakuhusu wewe unayepokea trakti usiku na kuipitisha asubuhi. Inakuhusu wewe unayetuma kwa simu picha ya maiti na kuandika chini yake jina la kabila.

Huku kwetu tumekwisha kuona nguvu hiyo kwa pande zote mbili. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu 2,287 walikufa katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Uvumi ulitembea mbio kuliko ugonjwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa kwa muda wa siku chache. Lakini wakati ule ule, picha zilizobandikwa ukutani zilimfundisha kunawa mikono hata bibi asiyejua herufi moja. Karatasi ni ile ile na rangi ni zile zile. Tofauti iko katika moyo wa aliyeandika.

6. Jinsi kazi inavyofanyika

Wengi wanafikiri kwamba hadithi ya picha ni ya mchoraji peke yake. Sivyo. Kuna mwandishi, na Abouet ni mwandishi. Yeye anafikiri watu, tabia zao, ugomvi wao na mwisho wake. Anasema katika kila ukurasa kutakuwa na nini, nani yuko, anafanya nini, anasema nini. Maneno yawe machache, kwani kiputo ni kidogo. Ndipo mchoraji anachora kwa kalamu ya risasi, wanapatana, kisha anapitisha wino na rangi.

Ni kusema unaweza kuifanya kazi hii hata kama hujui kuchora. Unahitaji kaye, biki, sikio na subira. Nitakupa mfano mdogo niliouandika kwa ajili ya mazungumzo haya:

Kisanduku cha kwanza. Asubuhi, kwenye bomba la maji. Foleni ya bidoni za njano. Mbele amesimama mama mwenyeji. Nyuma yake mama aliyekimbia vita, ana mtoto mgongoni.

Kisanduku cha pili. Mwenyeji: «Tangu mlipofika, maji yanakwisha kabla ya jua kutoka.»

Kisanduku cha tatu. Aliyekimbia: «Mama, kwetu tuliacha chemchemi mbili. Siku hizi wanaoga nyani.» Watu wa foleni wanacheka.

Kisanduku cha nne. Mwenyeji naye anacheka, lakini hajamaliza: «Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.»

Kisanduku cha tano. Aliyekimbia: «Jembe nipe leo hii. Shamba ndilo utanionyesha.»

Kisanduku cha sita. Hakuna maneno. Mwenyeji ananyamaza, anatazama nyuma ya nyumba yake, pale ambapo majani yameota bila kulimwa.

Kisanduku cha saba. Majembe mawili, migongo miwili imeinama.

Umeona? Hakuna aliyeshtakiwa, na hakuna kabila lililotajwa. Lakini mwenye nyumba akisoma anajiona, na aliyekimbia akisoma anajiona. Mimi ningekuja na hotuba ya saa nzima juu ya kukaa vizuri kati ya wenyeji na wageni, mngesinzia.

7. Kwako wewe uliyekimbia

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamejaza makaburi na kutawanya vijiji. Mambo hayo yasisahauliwe. Watu wa haki za binadamu wanayaandika, na mahakama zitayahitaji. Lakini kuna sehemu ambayo hakuna mpelelezi atakayekuja kuiuliza: ndizi mlizipika namna gani wakati wa mavuno, nani alikuwa mchekeshaji wa kijiji, Mnande, Mmbuba, Mtalinga na Mmbuti walibadilishana nini siku ya soko, binti aliolewaje, ugomvi wa mpaka wa shamba ulimalizwaje mbele ya wazee bila damu kumwagika. Wewe ndiwe maktaba ya mambo hayo. Ukinyamaza, mtoto wako atajua kijiji chake kwa jambo moja tu, ni kusema usiku mlioukimbia.

Basi jioni, baada ya bugali, msimulie. Binti anayejua kuandika aandike. Kijana anayejua kuchora achore. Lakini mshike kanuni hizi, kwa sababu kalamu inaweza kuleta hatari:

Badilisha majina ya watu wote, hata ya wale unaowasifu. Usiseme mahali ambapo familia imejificha wala njia inayopita. Usichore uso wa mtu unaoweza kutambulika kama yeye ni shahidi wa mauaji au ametendewa jeuri ya mwili. Usimlazimishe mtu kusimulia msiba wake. Kama ananyamaza, mwache anyamaze. Na usiweke hatia ya muuaji juu ya kabila lake zima, kwani hatia mbele ya sheria ni ya mtu mwenyewe.

8. Kwako wewe mzazi wa binti

Baba Aya wa kitabuni alitaka binti aolewe na tajiri. Binti alitaka masomo. Mambo haya hayako Abidjan peke yake. Katika familia iliyokimbia, franga zikipungua, mara nyingi msichana ndiye wa kwanza kutolewa masomoni. Anachota maji, anauza ndizi, na mwisho anaolewa mapema ili apungue mdomo mmoja mezani. Ninajua mzigo wako, sikuhukumu. Lakini katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 14, inaamuru kuondoa kila namna ya ubaguzi juu ya mwanamke, na kifungu cha 23 kinampa kila mtu haki ya kusema mawazo yake kwa maneno, maandishi na picha, akiheshimu sheria na adabu njema. Binti yako ni mtu huyo.

Tena kuandika si mchezo wa mvivu. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za mwandishi inasema kazi ya akili ni mali ya aliyeifanya. Kama binti yako ameandika na kijana wa jirani amechora, wapatane tangu mwanzo, kwa karatasi yenye sahihi mbili: jina la nani litaandikwa, na kama franga zikiingia zitagawanywaje. Ugomvi mwingi kati ya marafiki unatoka katika karatasi ambayo haikuandikwa.

9. Kwenu wakubwa wa mitaa

Mkubwa wangu, wewe wa avenyi, wa kartie au wa kijiji, sikuombi pesa. Nakuomba mambo matatu. La kwanza, ukuta mmoja wenye kivuli, kwenye ofisi, kanisa, msikiti au masomo, ambapo kurasa za vijana zitabandikwa na watu wazisome. La pili, watu wawili wenye hekima, mmoja mwenyeji na mmoja aliyekimbia, na mmoja wao awe mwanamke, wazisome kwanza kurasa ili pasiwe na jina la mtu wala tusi kwa kabila. La tatu, subira. Kijana akichora mkubwa anayekula msaada wa wakimbizi, usiulize kwanza «Nani huyu?» Uliza kwanza kama ni kweli. Mkubwa anayejua kucheka picha yake mwenyewe anaaminiwa siku ya hatari.

Zamani katika kyaghanda mzee aliota moto, vijana wakamzunguka, na hadithi ndiyo iliyofundisha sheria. Mama naye alikuwa na moto wake jikoni na hadithi zake, na hakuna aliyeziandika. Marguerite Abouet alichukua hadithi za upande wa jikoni akazifanya kitabu kinachosomwa duniani. Hadithi za jikoni za Mbau na Oicha bado zinangoja kalamu.

Ndugu msikilizaji, nakuacha na maswali. Msome karatasi hii pamoja, watu wa nyumba moja au wa kikundi kimoja, na kila mtu apewe nafasi ya kusema, hata mtoto.

Maswali ya kuzungumzia

1. Ni jambo gani la maisha ya kawaida ya kijiji chenu mnaloogopa watoto wenu hawatalijua?

2. Katika avenyi yenu, wenyeji na waliokimbia wanagombania nini zaidi: maji, kuni, kodi ya nyumba au msaada? Ugomvi huo ungewekwaje katika visanduku saba bila kumtaja mtu?

3. Mara ya mwisho ulipopokea trakti au picha ya chuki, uliifanyia nini? Mara nyingine utafanya nini?

4. Kuna binti gani kati yenu mwenye kipaji cha kusimulia? Kikundi chenu kinaweza kumsaidia kwa jambo gani wiki hii?

Amani ikae kwenu. Kwa herini.